Bibi wa Mofa na Alama ya Mama

Jumamosi, tarehe 4 Mei 1957. Mvua ya masika imenyesha tangu alfajiri, ikapumzika kidogo adhuhuri, halafu ikarudi kama mtu aliyesahau bakora yake. Uani maji yamejaa. Leo siku ya nne ya sikukuu na watoto bado wanataka kupelekwa uwanja wa sikukuu Mnazi Mmoja, iwe mvua isiwe mvua.

Nimerudi alasiri hii kutoka Jambiani. Nilikwenda kumtazama yule bibi aliyekuwa jirani yetu hapa Kiponda, ambaye uchochoro mzima ulimwita Bibi wa Mofa. Nataka kumwandika. Sijui kama nnaweza. Nilisoma Kurani chuoni, kisha skuli kidogo, kisha nikaolewa. Na mtu unayemwonea kijicho ni taabu kumwandika kwa haki, maana kalamu hukwenda upande. Nitajaribu kuinyoosha, na pale nitakapoona imepinda nitasema imepinda.

Kwanza niseme habari ya mkate wenyewe. Mimi ni mtu wa Lamu, nilikuja Unguja bi harusi baada ya vita. Mtaani kwetu asubuhi ya Idi huliwa mkate wa mofa: unga wa mtama, tui na chumvi, ukaumuliwa, ukabandikwa ndani ya tanuri la udongo mpaka ukakauka nje na kubaki laini ndani. Unguja nako watu huoka mofa, siwezi kusema hawaoki. Lakini ule niliokuwa nikiuona ni mkavu, hauna tui, na hakuna aliyeufanya kuwa ndio sikukuu. Hapa sikukuu ni bokoboko na tambi na vileja. Vyote vitamu, nami navila. Lakini nikishavila najiuliza Idi yenyewe itaingia saa ngapi.

Kule kwetu tanuri lilikuwa moja na nyumba nyingi. Kwa hiyo kila nyumba ilitia alama mikate yake ingali mibichi, isije ikachanganyika. Wengine walikwaruza kwa ncha ya kisu, wengine walididimiza punje ya kunde. Alama ya mama yangu ilikuwa vidole viwili vimebonyezwa sambamba, na chini yake ukucha, kama jicho lililofumba.

Idi yangu ya kwanza hapa, mume wangu yuko msikitini, ililetwa sahani kutoka nyumba ya pili. Kama ilivyo ada ilifunikwa kawa. Nikafunua. Mkate wa mofa, wa moto, na juu yake jicho la mama yangu limefumba.

Nilitoka mbio kichwa wazi, mimi bi harusi wa wiki chache. Nilidhani mama yangu ameingia Unguja bila kuniarifu. Niliingia uani kwa watu bila hodi, nikamkuta mwanamke mfupi, mweusi wa moshi, amechutama mbele ya tanuri.

"Mama yuko wapi?" nikamuuliza.

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Huu mkate wake."

Akanitazama. Nyusi hakuwa nazo, zilikwisha kwa moto. Akasema, "Kumbe ndiye wewe, mwana wa pale penye kisima. Nimekupakata wewe. Ulikuwa na kikohozi, hulali wala huwaachi watu walale." Kisha akasema kwa Kiamu safi, "Ndoo, mwanangu, ukae." Yeye mtu wa Jambiani, na neno lile la kuniambia njoo lilitoka kinywani mwake kama alizaliwa nalo.

Alinieleza kuwa mumewe alikuwa mfanya biashara ya boriti, akamchukua Lamu, wakakaa huko miaka, wakarudi mimi nikiwa bado mdogo. "Mama yako na mimi tulikuwa tukioka pamoja," akasema. Nikakaa, nikala, nikalia. Ulikuwa ndio ule ule wa utotoni, tui lake na chumvi yake. Na papo hapo, kinywa kimejaa, nikaanza kumchukia.

Nimeandika neno kubwa. Labda si kuchukia. Lakini mtu amekaa ng'ambo ya uchochoro ameishika sikukuu ya kwenu mkononi, na wewe mwenyewe huijui, utaitaje? Mama hakuwahi kunifundisha. Kila nikikaribia tanuri aliniambia nitaungua, ntakuja kujifunza nikikua. Nilipokua nikaposwa. Sasa nikaona kumbe alikuwa na mwanafunzi wake, tena mgeni, na hata alama ya nyumba kampa.

Huyo Bibi wa Mofa hakuwa na umbo la kutazamwa. Mikono yake ilikuwa na makovu ya moto mpaka kiwikoni, mapya juu ya ya zamani. Alitembea haraka kwa hatua ndogo, na hakupenda kukaa kitini; kiti alisema ni cha wagonjwa na makadhi. Ubakhili wake ulikuwa wa ajabu. Kibiriti alikigawa njiti moja moja, na ukimwazima alikuja kuuliza moto umewaka au umeupoteza. Lakini mtu huyo huyo siku ya Idi aligawa mikate nusu ya mtaa, na sahani zikirudi na chochote ndani yake, akakipeleka kwa mwengine kabla hakijapoa.

Alikuwa akidharau mkate wa kununua. Alisema boflo ni hewa iliyotiwa chumvi. Basi asubuhi moja nilimkuta nyuma ya mlango na kikombe cha chai na boflo zima, anachovya. Hakushtuka. "Seremala hulala kitanda cha kamba," akaniambia, akaendelea kuchovya.

Dini yake ilikuwa nzito. Swala haikumpita, na mtu akipita ananuka ulevi alijiziba pua kwa ukaya mpaka mwisho wa uchochoro. Na bado unga wake uliumuliwa kwa tembo la mnazi. Alilifuata mwenyewe ng'ambo ya mji, kajifunika buibui, birika mkononi, kama anayekwenda kununua maziwa. Siku moja askari alimsimamisha.

"Bibi, birika hilo lina nini?"

"Hamira."

"Mbona linanuka?"

"Na wewe ungekaa umefungiwa humu ungenuka. Unataka kunywa hamira, mwanangu? Fungua kinywa."

Askari akampisha. Nilipomuuliza mimi kama haogopi, alijibu kuwa tembo linaingia tanurini kafiri na linatoka limesilimu. Nilicheka. Hilo nalo lilinikera, kwamba ananichekesha.

Misemo yake ilikuwa mingi na mingine sikuielewa. "Anayesifu harufu hajala." "Moto hauna mjomba." Mtu akilalamika moshi umemharibia nguo alizoanika, alimjibu, "Zitie kabatini zikajifunze adabu," kisha jioni akampelekea mikate.

Asubuhi ya Idi, baada ya swala, Waamu wote waliokuwa mjini walikuja kukaa barazani kwake: washonaji, mabaharia, wauza boriti, wazee waliokuwa hawajaiona Lamu tangu ujana wao. Walikula kimya. Mzee mmoja kila mwaka akila tonge la kwanza alivua kofia akajifuta jasho nayo, akaivaa tena, ili asionekane anafuta macho. Mimi nilikuwa nikipitisha kahawa. Mwaka mmoja mzee huyo alimuuliza Bibi wa Mofa, "Wewe wa mtaa gani kule kwetu?"

"Mimi wa Jambiani, baba."

"Basi ulizaliwa mahala si pako." Wote wakacheka. Halafu akanigeukia mimi na kikombe chake. "Na huyu binti? Wa hapa hapa Unguja?"

Nilimtilia kahawa mpaka ikamwagika. Bibi wa Mofa ndiye aliyesema, "Huyu ndiye mwenyewe, babu. Sisi wengine ni wapishi tu." Alisema vizuri, kwa heshima. Lakini heshima ya mtu aliyekushinda inauma kuliko dharau yake.

Nyumbani kwangu ikawa hivyo hivyo. Mume wangu akirudi kuswali Idi, kabla hajanipa mkono wa sikukuu, huuliza, "Wa jirani umeshaletwa?" Nami tangu usiku nimepika, nimejipamba, nina bokoboko lililokorogwa mpaka bega likauma. Akala kwanza mofa. Sikuwa na la kumlaumu. Mimi mwenyewe niliuchukua ule ulioiva vizuri kabla yeye hajatawadha.

Niseme wazi kuwa Bibi wa Mofa hakuninyima kitu. Kila Shaabani aliniita dirishani. "Mwana wa Lamu, Ramadhani hiyo inaingia. Njoo nikuonyeshe."

"Naam, bibi, ntakuja."

Sikwenda. Neno hilo la kunionyesha ndilo lililonifunga miguu. Anionyeshe mkate wa mama yangu? Mara nilisema mtoto ana homa, mara mgeni amekuja. Alijua nnasema uongo, na mwaka wa pili aliniita tena kwa sauti ile ile.

Aliyekwenda ni wifi yangu, dada wa mume wangu, tunayekaa naye nyumba moja. Wifi yangu mkono wake ni mwepesi kwa kila kitu, sitamnyima sifa hiyo. Alikwenda mwezi mmoja, akarudi na mikate ile ile na alama ile ile: vidole viwili na ukucha. Akaniwekea sahani mbele yangu.

"Wifi, mofa wenu Waamu umehamia kwetu. Sasa utakula kwa ruhusa."

"Nilikuwa nikila kwa ruhusa ya jirani, sasa ntakula kwa ruhusa yako," nikamwambia. "Afadhali jirani, yeye hulala kwake."

Tulicheka sote wawili. Yeye alicheka zaidi.

Lakini jambo ambalo mpaka leo sijalisamehe, na najua si haki, ni la siku ilipokuja simu ya kifo cha mama. Ilikuwa mwisho wa Ramadhani. Bibi wa Mofa alikuja kukaa na mimi. Alilia. Alilia kilio cha kutoka tumboni, akamtaja mama kwa jina la utani ambalo mimi nilikuwa silijui. Wanawake waliokuja kuhani walimpa pole yeye kwanza, wakidhani ndiye ndugu. Idi hiyo hakuwasha tanuri. Mzee wa kofia alikuja barazani, akakuta mlango umefungwa, akarudi. Mimi machozi yalinikauka. Nilikuwa nimeshughulika kumtazama yeye anavyolia mama yangu kuliko mimi.

Mwaka juzi macho yake yalianza kufunga kwa ajili ya moshi, akarudi kwao Jambiani kwa watoto wa kakake. Kabla hajaondoka alikuja kwetu akasimamia mpaka wifi yangu akajengewa tanuri uani, chini ya banda. Aliniuliza mimi lijengwe upande gani. Nikamwambia amuulize mwenyewe.

Ramadhani hii wifi alikwenda Bububu kwa wiki nzima kumuuguza khaloo, dada wa mama yake. Hapo ndipo nilipojaribu, peke yangu, mchana wa saumu. Bibi wa Mofa nimemtazama kwa dirisha miaka yote hiyo, najua unga kiasi gani na tui kiasi gani. Mikate ikaungua. Nikajaribu tena, ikaungua chini. Mara ya mwisho ilikuwa myeusi chini na mizuri juu. Sikuitia alama. Niliona haya kuitia alama ya mama mikate ile.

Siku ya pili ya Idi nilipata gari la kwenda Jambiani. Nilimchukulia mafurushi mawili, moja mikate ya wifi na moja mikate niliyooka mimi usiku wa kuamkia safari, nayo imeungua kama ada. Kwa nini niliichukua sijui. Labda nilitaka mtu aniambie kwa mdomo wake kwamba siwezi, nipumzike.

Nilimkuta amekaa mkekani ndani ya nyumba ya makuti, uso kaelekeza mlangoni kwenye mwanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwana wa Lamu. Umekuja na mvua yako."

Nikamwekea mikate mapajani bila kusema ipi ya nani. Akashika ya kwanza, akapitisha kidole kwenye alama. "Ya wifi yako hii. Anabonyeza kwa nguvu, ana haraka yule. Lakini mizuri." Akaiweka. Akashika ya pili. Akatafuta alama, hakuiona. Akaigeuza, akasugua chini, vidole vikatoka masizi. Akanusa. Mabega yakaanza kumtikisika. Ndivyo alivyokuwa akicheka, bila sauti.

"Hii umeoka wewe."

"Ndiyo, bibi. Imeungua, najua. Usile ikikuudhi."

"Nani kasema inaniudhi? Hii ndiyo ya mama yako."

"Ya mama yangu ilikuwa haiungui."

"Ilikuwa ikiungua kila ikiingia. Mama yako hakuwa na subira na moto. Wenzake wanangoja makaa yatulie, yeye nshabandika, nshabandika. Tukimwambia, anasema Idi haingoji."

Nilikasirika. Nilimwambia, "Bibi, si wewe uliyesema mama ndiye aliyekufundisha?"

"Lini? Nlisema tulioka pamoja. Mimi nimeoka tangu kigori, hapa hapa Jambiani. Tui ndilo nlilolikuta kwenu, hilo sitadhulumu, tui ni la mama yako."

"Na alama?"

Mvua ilikuwa ikipiga makuti. Akasema, "Alama ya mama yako. Wanawake wa mtaa walianza kusema mkate wa mgeni umeupita wa wenyeji. Mama yako akanijia magharibi, akanishika mkono. Dada, akasema, wewe oka, lakini tia alama yangu, nami ntakutekea maji. Nkamwambia haya. Inanipunguzia nini? Mume wangu safarini, mimi ugenini, na yeye ndiye aliyenifungulia mlango siku ya kwanza. Basi watu wakausifu mkate wake, naye akafurahi, na maji alinitekea kweli. Mkono ukazoea. Nliporudi Unguja sikujua kuoka bila ya alama ile."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Nikwambie nini? Ulikuja mbio kichwa wazi, unamtafuta mama yako. Nikutoe mkate mdomoni?"

"Na alipokufa?"

"Alipokufa ndiyo kabisa."

"Basi sasa mbona unaniambia?"

"Kwa sababu umeniletea wa kwake. Sijala huu tangu Lamu." Akaumega ule uliochomeka zaidi, akala pamoja na ganda lake, polepole, na masizi mdomoni. Akaniambia nisimpe mtoto yeyote wa kakake, wale ya wifi.

Nililala kule siku mbili na sikuweza kuzungumza naye sana. Nimefikiri njia nzima. Mama yangu hayupo kujibu, na kesi ya upande mmoja si kesi. Inawezekana Bibi wa Mofa alinihurumia tu, akatunga. Lakini kuna jambo limenirudia. Miaka ile ya mwisho kabla sijaolewa, asubuhi ya Idi, mama alikuwa akikaa kizingitini na kisu, anakwangua. Nakumbuka sauti yake, kwaru kwaru, na masizi yanaangukia miguuni kwake. Nilimuuliza, akasema huu mtama wa vita, umechanganywa. Nikaamini. Mtama nliokuwa nikiula utotoni, mzuri, nikadhani ulikuwa wa amani. Kumbe labda ulikuwa wa mtu mwengine.

Kwa hiyo mkate nilioulilia miaka yote hii nikidhani mgeni kaniibia, huenda mama yangu ndiye aliyeuchukua. Na mimi nilidhani kijicho hiki nimekiokota Unguja.

Sijui nimemwandika Bibi wa Mofa kwa haki au la. Bado namwonea kijicho. Amekaa na mama yangu kabla mimi sijawa na akili, akamjua kwa jina la utani, akamjua hata kwa aibu yake, na mimi nimebakiwa na sauti ya kisu.

Nilipofika nyumbani alasiri, wifi alikuwa amewasha tanuri chini ya banda, kwa ajili ya kufunga sikukuu. Nikavua buibui, nikakunja mikono.

"Nipishe, wifi."

"Utaunguza."

"Ntaunguza."

Akanipisha, akaniachia nusu ya unga, akakaa pembeni kunitazama, na kwa wema wake hakunizuia nilipobandika kabla makaa hayajatulia.

Jioni hii tumekula mofa na papa wa nazi, na kitoweo cha nyama kilichobaki. Mikate ya wifi ndiyo iliyokwisha kwanza. Mume wangu alichukua mmoja wangu, akautazama chini, akauliza kama mtama una kasoro. Nikamwambia mtama mzima, moto ndio mimi nimeuharakisha. Akala nusu. Iliyobaki niliikwangua kwa kisu mlangoni, nikaila mwenyewe.